Pudensiana Lyamba, Aliyezipa Dhoruba za Mpanda Majina

Tarehe 31 Oktoba 2024 asubuhi, Bi. Pudensiana Lyamba alivua vipokea sauti vya masikioni, akazima kipaza sauti cha studio namba moja (hatuna studio namba mbili), na kwa tendo hilo akahitimisha miaka ishirini na mitatu ya utumishi katika Redio Kasimba ya hapa Mpanda. Amestaafu akiwa na umri wa miaka sitini, sauti ikiwa nzima na magoti yakiwa na malalamiko madogo. Mimi, Wilbert, mhariri wa habari, nimeombwa na kamati ya hafla niandike wasifu wake kwa ajili ya kijarida hiki. Kamati ilinitaka niwe mfupi na nisimkere mtu. Nimejitahidi kuwa mfupi.

Wengi wenu mnamjua kwa jambo moja. Yeye ndiye aliyezipa dhoruba za mkoa huu majina. Kwa miaka minane sasa, wakati mikoa mingine inapata mvua kubwa zinazoambatana na upepo mkali, sisi tunatembelewa na Minza, Malale na Dorice. Na nisiwafiche: mpaka mwezi uliopita hatukuwa na uhakika kama kazi hiyo ingebaki hai yeye akiondoka, kwa sababu majina yalikuwa yameshapata mnunuzi. Kwa Pudensiana jambo hilo lilikuwa zito kuliko kiinua mgongo, na ndilo nitakaloeleza hapa. Mengine mtayasikia kwenye hotuba, na kwa jinsi ninavyoijua kamati, hotuba zitakuwa nyingi.

Alianza kazi Mei 2001, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa na redio hii ikiwa bado ni gari. Taasisi yetu ilimiliki pikapu moja yenye spika mbili juu, iliyozunguka Majengo na Makanyagio kutangaza chanjo, minada, mikutano na misiba. Pudensiana alisimama nyuma, mkono mmoja kwenye kipaza sauti na mwingine kwenye bomba ili asianguke. Wanaokumbuka wanasema alitangaza mnada wa ng'ombe na kifo cha mtu kwa furaha ileile, mpaka alipoelekezwa. Leseni ya redio ilipopatikana mwaka 2009, ikaonekana kwamba ni yeye pekee kati yetu aliyeweza kuongea kwa muda mrefu bila kujibiwa. Akapewa kipindi cha asubuhi, na hakukiachia tena.

Ndani ya kipindi hicho zilikuwamo dakika chache za hali ya hewa. Kila msimu wa mvua taarifa zilifika zikiwa zimeandikwa vizuri, naye alizisoma vizuri: upepo unaozidi kilomita arobaini kwa saa, mvua kubwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Katavi na Rukwa, wananchi wachukue tahadhari. Wananchi walichukua chai. Dereva mmoja wa bodaboda alipiga simu kutoka Sitalike akasema kwa upole kabisa, "Sasa Madam, huo upepo wa arobaini si naupita tu? Mimi hapa na abiria wawili natembea sabini." Wiki hiyohiyo upepo huo wa polepole ulichukua paa la nyumba yake.

Mambo yalibadilika Januari 2016. Pudensiana alikuwa akisikiliza idhaa ya Kiswahili ya redio moja ya ng'ambo, kama anavyofanya kila alfajiri ili apate cha kutukosoa sisi, akasikia kwamba huko Ulaya dhoruba ya majira ya baridi imesimamisha treni na kung'oa miti. Dhoruba hiyo ilikuwa na jina la mwanamke. Ilitajwa kwa jina lake kama mkwe anayetarajiwa kufika na mizigo. Alikuja kwenye kikao cha asubuhi akiwa amechangamka kupita kiasi, akatueleza kwamba wenzetu hao hupanga majina kabla baridi haijaanza, wakiamini kwamba watu hukisikiliza zaidi kitu chenye jina. Mimi nilisema wenzetu hao wana baridi ndefu na muda mwingi wa kukaa ndani. Meneja aliuliza kama jambo hilo lina mdhamini, swali analouliza juu ya kila jambo, misiba ikiwemo.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Hapa Mpanda ukimwambia mtu kuna hatari inakuja, ataendelea kuosha vyombo. Ukimwambia Malale anakuja, ataacha vyombo, ajifute mikono, aulize ni Malale gani, anatokea wapi, na anakuja kufanya nini. Ukishamjibu, alisema Pudensiana, utakuwa umeshamsomea taarifa nzima ya hali ya hewa. Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo nikaikosa, na ndivyo tulivyoanza.

Dhoruba ya kwanza iliitwa Minza. Pudensiana alitangaza kwamba Minza anatokea upande wa Ziwa Tanganyika, ana hasira, atafika mjini mchana, watu wafunge madirisha na wasikae chini ya miti. Mafanikio yalikuwa makubwa mno. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huu, kila mtu alikuwa na taarifa. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na taarifa, kila mtu alitoka nje kumwona Minza. Majengo walijipanga kando ya barabara, wengine na viti. Mama mmoja wa Nsemulwa alipiga simu akilalamika, "Nyie, huyo Minza ameshapita au bado? Tumesimama hapa na watoto mpaka miguu inauma." Minza alipofika aliwalowanisha wote bila ubaguzi.

Si kila mtu alifurahi. Bibi mmoja wa Kisukuma alitupigia akiwa na swali la msingi. Kwao mtoto wa kike anayezaliwa mvua ikinyesha huitwa Kabula, na yeye ndivyo alivyopata jina lake. "Mimi mvua ndiyo ilinipa jina," alisema. "Sasa nyie mnairudishia la nini? Ilikuwa haina?" Pudensiana alimshukuru kwa mchango wake, akakata simu, akaomba karatasi na kalamu.

Baada ya hapo aliweka kanuni. Majina yawe ya watu wa kawaida wa mkoa huu, la kike likifuatwa na la kiume, ya watu wa ziwani na ya wafugaji, ya wenyeji na ya waliohamia. Lisiwepo la mwanasiasa, la padri wala la shehe. Kila Septemba tulikaa naye, chai na chapati mezani, tukachagua. Mhasibu wetu kila mwaka alipendekeza jina la aliyekuwa mume wake, na kila mwaka Pudensiana alimjibu kwamba dhoruba inapita, huyo bwana alikaa miaka kumi na miwili. Lawama zilikuja kutoka upande ambao hatukuutegemea, yaani kutoka kwa walioachwa nje ya orodha. Kiongozi mmoja ambaye adabu inanizuia kumtaja alipita ofisini zaidi ya mara moja, akizungukazunguka kueleza kwamba jina lake ni rahisi kutamkika. Na mwaka tulipoitangaza dhoruba Specioza, nayo ikayeyukia huko Ziwa Rukwa bila kutudondoshea hata tone, akina Specioza walikuja mpaka getini kudai kwamba tumewadhalilisha.

Sasa nifike Kabungu, maana huko mzaha ulikoma.

Machi 2017 dhoruba iliyoitwa Mwandu ilipita Kabungu ikabeba paa la madarasa mawili na la nyumba kadhaa za watu. Kwa mgeni anayesoma kijarida hiki, nieleze kwamba huku kwetu wajina si mtu mnayefanana jina tu. Wajina ni ndugu. Mnaitana hivyo njiani, mnapelekeana kuku, na wajina wako akifanya jambo la aibu wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kabungu nzima ilikuwa na Mwandu mmoja tu. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka michache kabla, na ng'ombe hao walikuwa na kesi za mahindi na karibu kila jirani.

Walianza kwa utani. Walimwambia amtume wajina wake arudishe bati za watu, naye akacheka. Kesho yake wakarudia, akacheka kidogo. Wiki ilipokwisha hakukuwa na mtu anayecheka, na walikuwepo waliosema kwa sauti kwamba mzee huyu na upepo wake warudi walikotoka. Chuki za mahindi zilikuwa zimepata pa kutokea. Sisi tuliyajua hayo kwa sababu mzee alipiga simu, tukamuunganisha hewani bila kujua anataka kusema nini. "Mwangaluka," alisalimia. "Mimi ni Mwandu wa Kabungu. Nyie watu wa redio mmenipa mtoto ambaye sikumzaa. Sasa nafukuzwa kwa ajili yake. Mimi na watoto wangu na hawa ng'ombe, niambieni, twende wapi?"

Katika miaka yote niliyofanya kazi na Pudensiana sikuwahi kumwona akikosa neno hewani. Siku hiyo alikosa. Tuliweka wimbo. Alikaa amefunika mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka. Jina lile alilichagua yeye, kwenye meza yetu ya chapati, kwa sababu lilisikika vizuri.

Alikwenda Kabungu kwa pikipiki ya ofisi. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mbele ya watu waliokuwa na hasira akasema, "Jamani, jina hili halikutoka kwa mzee Mwandu. Nimelitoa mimi. Kwetu Ufipa anayempa mtoto jina ndiye wa kwanza kumhangaikia. Kama kuna mtu wa kuezeka nyumba zenu, basi ni mimi." Mimi pia ni Mfipa, na desturi hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Lakini mkutano uliipokea, maana hakuna anayetaka kuonekana hajui mila. Pudensiana akachukua likizo yake ya mwaka, wenzake wakidhani anakwenda kupumzika, akahamia Kabungu kukata nyasi za kuezekea, maana bati zilizopeperushwa hazikurudi na za kununua hazikuwepo.

Hapa lazima ukweli usemwe. Pudensiana hajui kuezeka. Alifunga nyasi ovyo, mzigo ukamfungukia kichwani katikati ya njia. Aliingia kwenye udongo wa kukandikia ukammeza mpaka gotini, wakamvuta watu wawili, na kiatu chake kimoja kimo ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu mpaka leo. Kwa makadirio ya wenyeji alikuwa anakaribia kuizidi dhoruba yenyewe kwa uharibifu. Mzee Mwandu alimtazama kwa mbali akiwa juu ya mkokoteni wake wa maksai. Alijizuia, akajizuia tena, mwisho akashindwa. Alishuka, akamnyang'anya nyasi, akamuuliza, "Mama, hivi huko redioni mnafundishwaga nini?" Akaanza kuezeka mwenyewe. Baadaye alileta miti kwa mkokoteni, na vijana wake wakapanda juu ya madarasa. Wakulima waliotaka aondoke walijikuta chini wamemshikia ngazi, na ni vigumu kuendelea kumfukuza mtu huku umemshikia ngazi. Mzee Mwandu yupo Kabungu hadi leo. Ng'ombe wake bado wanakula mahindi ya watu, na bado anasemwa, ila sasa anasemwa kama jirani.

Habari hiyo ilisambaa bila msaada wetu. Kuanzia msimu uliofuata, kila dhoruba ilipoharibu, wajina wake walijitokeza. Hakuna aliyewaagiza. Dhoruba Dorice ilipopita Ilembo, akina Dorice wa mjini walianzisha kundi la WhatsApp, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina, wakashona sare ya kitenge, wakafika Jumamosi wamependeza sana. Misumari walisahau. Walirudi Jumapili baada ya misa, misumari wanayo na sare wameacha nyumbani, kazi ikaisha. Malale mmoja, fundi baiskeli, aliezeka nyumba ya mtu ambaye walikuwa hawasalimiani, na nasikia bado hawasalimiani, lakini mvua haiingii.

Pudensiana mwenyewe hakusalimika. Mwaka 2021 dhoruba Kalista iliondoa nusu ya paa la nyumba yake pale Majengo, na Kalista pekee aliyejitokeza alikuwa mama mkwe wake. Bibi huyo aliweka kiti uani, akawasimamia mafundi tangu asubuhi mpaka jua likazama, na katika mapumziko akakagua jiko. Pudensiana husema kwamba paa lilipona mapema kuliko yeye.

Ukiniuliza kama majina yaliwafanya watu wajikinge, nitakujibu kwa uaminifu kwamba hapana. Bado wanatoka nje kuangalia. Lengo la wenzetu wa Ulaya hatukulifikia hata kidogo. Tulichopata ni kwamba mtu akiezuliwa nyumba, kabla matope hayajakauka kuna mgeni uani anaulizia ngazi. Pudensiana ametuambia mara nyingi kwamba hilo ndilo alilokusudia tangu mwanzo. Si kweli, na anajua kuwa tunajua, lakini kwa cheo chake hakuna aliyembishia.

Sasa nije kwa mnunuzi. Mwaka huu, wakati Pudensiana akijiandaa kuondoka, meneja wetu alipata mdhamini wa dhoruba. Alikuwa Ndugu Rénovat, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi Majengo. Ilikubaliwa kwamba kuanzia msimu huu kila dhoruba itabeba jina la mdhamini, ikifuatiwa na tangazo. Naomba msome tena taratibu: muuza bati alikuwa amenunua upepo. Tangazo lenyewe lilikuwa limesharekodiwa, lina radi na msichana anayecheka.

Pudensiana alipinga kikaoni. Alisema dhoruba yenye jina la duka haina wajina. Ikiezua nyumba ya mjane huko Sitalike nani atakuja, bati zitatembea zenyewe? Meneja alijibu kwamba duka litatoa punguzo. Pudensiana akaongeza kwamba anaondoka, na katika miaka yote aliyokaa hapa hili ndilo jambo pekee analoliacha nyuma yake. Sisi wengine tulitazama vikombe vyetu. Mkataba ulikuwa umesainiwa, na sote tulijua kwamba baada ya Oktoba hatakuwepo wa kubishana.

Dhoruba ya kwanza ya udhamini iliwahi. Ilikuja mwanzoni mwa Oktoba, ikamkuta bado yupo kazini. Alisoma taarifa neno kwa neno kama ilivyoletwa, kisha akasema kwa sauti yake nzuri kabisa kwamba dhoruba hii inaitwa Rénovat. Akarudia kwamba Rénovat anaelekea Sitalike na atafika jioni. Kisha likaja tangazo, radi ikapiga, msichana akacheka. Meneja alitoka ofisini kwake mbio, maana alichotarajia kusikia ni jina la duka. Pudensiana alimtazama kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona tena. "Si mlisema jina la mdhamini?" aliuliza. "Kwani mdhamini anaitwa nani?"

Rénovat alipita Sitalike akaezua nyumba kadhaa, mojawapo ya Mama Dafrosa, mjane anayeuza uji kando ya barabara. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Asubuhi yake simu za studio hazikukatika, na hakuna aliyepiga kulalamika. Wote walikuwa na swali moja, na Mama Dafrosa ndiye aliyeliuliza vizuri. "Madam, shikamoo. Huyo wajina wa upepo atafika saa ngapi? Tumeshabandika maharage."

Mpanda ukitaja Rénovat bila maelezo, watu wote wanamfikiria mmoja. Naye alimpigia meneja akiwa na hasira ambayo kwa kweli ilikuwa ya haki. "Mimi nilinunua tangazo," alifoka mpaka tukamsikia meza ya pili. "Sikununua ukoo!" Akawasha pikapu yake aende Sitalike kuwaeleza watu ana kwa ana kwamba kumetokea makosa ya kibiashara. Nilipanda naye ili nipate habari, kwa hiyo ninayoandika hapa niliyaona.

Huyu bwana namfahamu miaka mingi. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye akazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, akakulia hapa, akapata uraia pamoja na wenzake, akajenga duka lake kwa jasho. Na bado mtu akigombana naye kuhusu chenji humuuliza kwao ni wapi. Si mtu aliyezoea kusubiriwa. Tulipofika Sitalike, wanawake walipiga vigelegele gari halijasimama. Watu walimshika mikono, wakamwita ndugu yetu, wakamketisha kivulini, wakampakulia. Mama Dafrosa alimwonyesha paa lake bila lawama yoyote, kama unavyomwonyesha shemeji yako kitu kilichoharibika. Nilikaa nikisubiri aanze kueleza makosa ya kibiashara. Alikula. Aliangalia paa. Aliomba maji ya kunawa. Kisha akanipa koti lake nimshikie, akapanda juu.

Alirudi tena kesho yake na bati nyingi, na juu ya bei hakuna aliyeuliza wala yeye hakutaja. Aligonga dole gumba mara nyingi kuliko alivyogonga misumari. Wiki iliyofuata alikuja ofisini dole likiwa na bandeji, meneja akaanza kuomba radhi, naye akamkatisha. Alitaka tangazo litolewe hewani, radi na msichana wake, na majina yarudi kwa watu kama zamani. Alipofika mlangoni alisimama. "Lakini ile ya Sitalike msiibadilishe," alisema, bila kututazama. "Duka litoeni. Jina langu liacheni."

Pudensiana alikuwa studio, mlango wazi, akasikia. Aliinamisha kichwa juu ya meza akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Nilimuuliza baadaye kama alikuwa ameyapanga yote yale. Alinijibu kwamba yeye ni msomaji wa taarifa tu.

Hivyo ndivyo kazi yake ilivyobaki hai. Ikabidi ibaki mikononi mwa mtu. Katika kipindi chake cha mwisho alimshukuru mumewe, mama mkwe, mafundi mitambo na wasikilizaji waliomvumilia. Kisha akasema kwamba kuanzia sasa majina yatatolewa na mhariri wa habari, ila linalofuata msimu huu atalitoa yeye mwenyewe, nalo ni Wilbert. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na kikombe cha chai. Sijawahi kupigilia msumari ukaingia. Nimeshaulizia, na akina Wilbert wa hapa mjini ni wachache: mmoja bado ananyonya, na mwingine anapata kizunguzungu akisimama juu ya kiti.

Bi. Pudensiana, dada yetu, menejimenti na wafanyakazi wa Redio Kasimba tunakushukuru, na sipati neno la mzaha la kuweka hapa. Ulitufundisha kuongea na watu kana kwamba tunawajua, mpaka kweli tukawajua. Tutaikosa sauti yako asubuhi, na makosa yetu yatakukosa zaidi. Tunakuombea uzee mtulivu, magoti yenye adabu, na redio nzuri ya kutukosolea. Na siku ukisikia kwamba Wilbert ameezua nyumba ya mtu huko Kabungu au kwingineko, usihangaike kutafuta viatu. Kaa, unywe chai yako. Wajina wake yuko njiani.